Sifa ya Kupaka Chombo

Nyumba yetu ya kisiwani Koyama, pwani ya Somalia, ilijulikana kwa pua kabla ya kujulikana kwa macho. Nyuma yake, upande unaopigwa na jua, palikuwa na pipa la chuma lililofunikwa kwa kipande cha bati, na ndani ya pipa hilo yaliwekwa maini ya papa. Hayakupikwa. Yaliachiwa jua tu, yakaoza polepole yakitoa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoitwa sifa. Neno ni lile lile la kumsifu mtu. Tangu mdogo lilinichekesha, maana sijapata kukutana na kitu kinachonuka kama sifa, na sijamwona mtu akiisifu.

Baba alikuwa fundi wa vyombo, vya baharini namaanisha, na fundi wa vyombo hawezi kukosa sifa kama vile jiko haliwezi kukosa moto. Chombo kikishapigwa misumari na kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa kwa pamba, mbao zake za juu hupakwa sifa kwa kitambaa, ubao mmoja baada ya mwingine, mpaka zinang'aa. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunajinukisha hivi. Akanieleza kwamba ubao ni kama ngozi, ukikosa mafuta unakauka, ukikauka unapasuka, na hapo maji hayaombi ruhusa ya kuingia. Basi mikono ya baba ilinuka sifa, kikoi chake kilinuka sifa, na mdogo wangu, ambaye baba alimbeba kila jioni akitoka kazini, naye alinuka kidogo nyuma ya masikio.

Mama alifariki alipomzaa huyo mdogo wangu. Aliyemlea ni bibi, mama yake baba, kwa maziwa ya mbuzi na usingizi wa vipande vipande. Alikuwa mtoto wa kike mwenye shingo nyembamba na macho makubwa yasiyoacha kitu. Baba akiangusha msumari katikati ya maranda ya mbao, wakubwa tukapekua tukakata tamaa, yeye aliinama mara moja tu akauokota. Hata miaka minne alikuwa hajafika. Baba alisema ufundi wake atamrithisha yeye, si mimi, kwa sababu mimi kazi yangu ni kusema tu.

Na kweli kazi yangu ilikuwa kusema. Nilipelekwa Kismayo kwa shangazi kusoma, nikafika darasa la nne, na nilichojifunza zaidi sikukipata shuleni bali kwenye redio ya shangazi, iliyokamata idhaa ya Kiswahili kukiwa hakuna mawingu. Nilitaka kuwa mtangazaji. Wasichana wa darasani walinitania kwa ile harufu yangu ya nyumbani. Nikiingia tu, mmoja angewaambia wenzake kwa sauti ya baharia, "Hicho kimeshapakwa. Kishusheni majini." Nilicheka nao. Unawezaje kununa, na neno lenyewe ni zuri hivyo? Kila likizo nilirudi Koyama nikachukua kopo tupu, nikaliweka mdomoni, nikatangaza yote yaliyopita mbele ya nyumba: nani anabeba nini, mbuzi wa nani kala leso ya nani, baba amefikia ubao gani. Msikilizaji wangu alikuwa mmoja. Alikaa miguuni pangu na macho yale, na nikikosea alinisahihisha.

Vita vilianzia mbali, vikafika Kismayo, shule ikafungwa, nikarudi kisiwani nikidhani nimepata likizo ndefu. Halafu vikaja na huko. Vijana wenye bunduki walifika kwa mashua za injini, wakachukua nyavu, wakachukua mashine, wakachukua milango ya watu wakaondoka nayo. Sisi hatukuwa na bunduki wala watu wa kutulipizia, na wao walilijua hilo. Waliita "waryaa", "we!" kwa Kisomali, na mtu mzima mwenye mvi akaenda mbio kama mtoto. Sitaandika yote niliyoyaona. Baadhi ya waliotendewa wako hai, na hayo ni yao.

Baba alikuwa na chombo ufukweni kilichokaribia kwisha. Wakampa amri akimalize, wanakitaka. Jirani yetu alikuwa anaondoka alfajiri na watu wake kuelekea Ras Kamboni, akakubali kutuchukua bibi, mdogo wangu na mimi. Baba alitusindikiza mpaka maji yalipomfika magotini. Mdogo wangu alimpandisha mwisho, akamfuta uso kwa mkono wake wenye mafuta, akamwambia bibi, "Nikishakipaka tu, naja."

Ndivyo alivyosema. Hakusema nikisalimika, wala Mungu akipenda, maneno ambayo siku zote yalikuwa mdomoni mwake. Nafikiri alikuwa na haraka.

Ras Kamboni hatukukaa. Kutoka hapo tulivushwa mpaka Kiunga, upande wa Kenya, na baada ya kusubiri sana tukapakiwa kwenye malori yaliyotuingiza bara, siku ikawa joto, kisha vumbi, kisha miiba, mpaka tukafika kambini. Sikuwahi kukaa mahali ambapo, ukipanda juu ya kitu na kuangalia pande zote, huoni maji. Siku za kwanza niliamka nikisikiliza. Sisi Wabajuni, watu wa visiwani, tuliwekwa pamoja mwisho wa kambi, nyuma ya vyoo. Bibi aliitazama hali hiyo, akavuta pumzi, akasema afadhali, hapa hapana wa kutuambia tunanuka.

Chakula cha mgao kilikuwa unga wa mahindi, maharage, mafuta kidogo na chumvi. Sikilalamikii, kilitushika. Lakini kilikuwa hicho hicho kila siku, mwezi ukaingia mwezi. Kwetu hata siku ya njaa palikuwa na samaki, na mtoto alipigania kichwa chake, alinyonya jicho, alipewa lile ini dogo kama kipande cha ulimi. Palikuwa na papai lililoiva mpaka ndege wamelianza. Hatukujua kwamba tunakula dawa. Tulikuwa tunakula tu.

Habari za baba zililetwa na mtu wa Kudhaa, kisiwa jirani na chetu, aliyefika kambini baada yetu. Alimchukua bibi kando, na mimi nikajibanza nyuma ya turubai nikasikia. Chombo kilikwisha. Kilipakwa kikang'aa. Kisha wale vijana wakakisukuma majini na baba ndani yake, awaongoze kwenye miamba, na tangu hapo hakuna aliyemwona yeye wala chombo. Bibi alirudi akakaa. Alitia maharage majini. Baadaye sana, akiwa amenipa mgongo, alisema, "Mafuta yale ndiyo yaliyomfunga mwanangu. Angekiacha kikavu angekuja nasi." Akaniambia mdogo wangu asijue. Kwake yeye, baba bado anapaka.

Mdogo wangu alianza kujikwaa jioni. Mchana alikuwa mzima, anakimbia, anaokota vifuniko vya chupa, anavipanga. Jua likishashuka, kabla hata ya adhana ya magharibi, alisimama pale alipo kama mtu aliyesahau anakokwenda. Alipapasa chini kutafuta kijiko kilichokuwa mbele ya goti lake. Mara moja alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya hema ikamkata shingoni. Wanawake wakasema ana macho ya kuku, maana kuku naye giza likiingia haoni tena. Bibi alisema ni machozi. Mtoto amemlilia baba yake mpaka macho yamechoka, atapona akizoea. Akamsomea, akampulizia, akamfunga hirizi.

Mimi nikachukua kopo. Kila magharibi nilimpakata nikamtangazia. Mwanzoni nilitangaza yaliyopo, yaani vumbi, foleni ya maji, moshi, mama fulani anamkimbiza mwanawe. Akaniambia hiyo stesheni haitaki. Anataka ile ya Koyama. Basi nikabadilisha stesheni. "Hapa ni Koyama. Maji yametoka, mchanga umebaki na mistari. Kaa wanatoka mashimoni. Yule pale baba, ameweka tezo ya kuchongea mbao begani, anapita kwa jirani, anasalimia, sasa yuwaja." Aliinua uso wake upande niliomwonyesha. Haoni kitu, lakini anatazama. Alikuwa anatabasamu, na mimi, nikwambie kweli, nilikuwa naona kila nilichosema.

Siku moja ikatangazwa kwamba watoto wote wadogo wapelekwe kwenye hema la afya wapate matone. Kila upande wa kambi na zamu yake, na zamu yetu ilipofika tukapanga foleni. Muuguzi alikuwa mama wa kigeni asiyejua Kiswahili, na aliyemtafsiria alikuwa kijana wa bara, mwenye Kiswahili cha shule na shati lililopigwa pasi, hata sijui pasi aliipata wapi. Mezani palikuwa na vidonge laini vyekundu kama shanga, vimejaa mafuta. Muuguzi alikata ncha ya kidonge kwa mkasi mdogo, akaminya mafuta kinywani mwa mtoto, basi. Kijana akatueleza kwamba hiyo ni vitamini, inalinda macho na mwili.

"Vita gani tena?" bibi akauliza.

Nyuma yetu alikuwapo mama mmoja wa Kismayo mjini, mcheshi, aliyepoteza wanawe wawili njiani na bado akawa mcheshi. "Vita mini, bibi," akamwambia. "Kama zile sketi. Vifupi. Vile virefu tumeviacha kwetu." Foleni nzima ikacheka, na bibi akacheka.

Halafu mtu akauliza lile lililokuwa moyoni mwa kila mmoja, kama hayo mafuta si ya nguruwe. Kijana alilitarajia swali, maana pande nyingine za kambi waliuliza pia. Akatabasamu.

"Hapana, mama zangu, msiwe na shaka. Yanatoka kwa samaki. Ni mafuta ya ini la papa. Hayo si mnayajua nyinyi kuliko sisi?"

Alisema hivyo kwa wema. Alitaka kutupa raha. Miaka imepita, na nikiwa kliniki Mombasa niliambiwa kwamba vidonge vingi vya namna ile hutengenezwa kiwandani na papa hana habari navyo, kwa hiyo sijui kama alichosema kilikuwa kweli au alitafuta tu kitu cha kutupendeza watu wa pwani. Lakini neno lilikwisha kutoka. Likapita mdomo kwa mdomo kuelekea nyuma, kwa sauti ya chini: sifa. Ni sifa. Sifa hiyo, jamani.

Kijana akalisikia, uso ukamchangamka, akamgeukia muuguzi akamwambia kitu kwa Kiingereza. Muuguzi akaweka mkono kifuani akatuinamia kidogo. Mimi nikadhani ni adabu za kwao.

Bibi aliinama sikioni kwangu. "Mchu si chombo," alisema kwa Kibajuni, yaani mtu si chombo cha kupakwa.

Kwetu mtu hakataliwi usoni alichokuletea. Ukipewa usichokitaka unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, halafu unakwenda nacho. Bibi alimfungua mdogo wangu kinywa, mafuta yakaminywa, akasema ahsante. Tulipopita nyuma ya hema akamwinamisha, akamwambia teme, akamfuta ulimi kwa ncha ya leso mpaka mtoto akataka kutapika. Hakuwa peke yake. Akina mama wa Kibajuni walijipanga pale nyuma karibu wote, na mchanga ukajaa mate ya watoto. Upande wa pili wa kambi, wale ambao hawajapata kuliona pipa la sifa maishani mwao, watoto wao walimeza.

Surua iliingia baada ya hapo. Ilianza hema moja, ikaruka, ikawa kila asubuhi kuna wanaume wanaobeba kitu kidogo kilichofungwa shuka jeupe kuelekea upande wa miiba. Hawakuhitaji kuwa wanne. Mmoja alitosha. Yule mama mcheshi wa Kismayo alizika aliyebaki, na hakutania tena mpaka tulipoachana.

Mdogo wangu alishikwa na homa, kisha vipele. Bibi alifanya kama alivyofanyiwa yeye na kama alivyomfanyia baba: mtoto wa surua akae gizani, asipigwe na mwanga, asipewe samaki. Hilo la samaki lilitaka kunichekesha. Alilifungua buibui lake akalining'iniza mlangoni, akakaa ndani na mtoto akimpepea, na mimi nikabaki nje na kopo langu, nikitangaza Koyama kwenye kitambaa cheusi. Siku hizo baba alikaribia sana nyumbani. Nilimfikisha mpaka kizingitini.

Vipele vilianza kukauka, tukashukuru. Lakini mtoto hakufungua macho. Alisema pana mchanga. Bibi alimwosha kwa maji, akamwosha kwa chai baridi, mchanga ukawa bado upo. Ndipo asubuhi moja bibi akamshika kichwa akamfungua jicho la kulia kwa vidole, na mimi nilikuwa nimeinua pembe ya buibui nione. Jicho lilikuwa jeupe, kama jicho la samaki aliyeiva.

Bibi hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni akatoka bila buibui, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baada. Nilimkimbilia nyuma nimelibeba.

Kwenye hema la afya tuliwakuta wale wale, muuguzi na kijana wake, shati sasa halina pasi. Muuguzi alimlaza mtoto mezani, akamulika jicho la kulia kwa tochi, akalimulika la kushoto, akauliza. Kijana akatafsiri kwamba anataka kujua kama huyu mtoto alipata yale matone.

Bibi aliikunja ncha ya leso yake.

"Alipata," kijana alijijibu mwenyewe. "Nyinyi nawakumbuka, mama. Wengine walinuna, wengine walibishana. Nyinyi mliyasifu. Mlisema ni sifa, nikamwambia huyu, akafurahi sana."

Bibi aliiachia leso. "Ni sifa, ndiyo," alisema.

"Basi?"

"Sifa ya kupaka chombo, mwanangu. Kwenu hakuna vyombo?"

"Kwetu kuna ng'ombe," alisema yule kijana.

Bibi akamweleza. Alimweleza ini, pipa, jua, kitambaa, ubao, kwa sauti ile ile anayoelezea mapishi. Mwisho akasema, "Tuliwatemesha. Wote." Nilimwona kijana akilielewa neno polepole, likimshuka usoni kutoka kwenye paji mpaka kwenye midomo. Kisha akamgeukia muuguzi. Alipomaliza kumwambia, yule mama alikaa juu ya boksi la dawa akaziba macho yake kwa kiganja.

Hakukaa sana. Alisimama akatueleza, na kijana akatafsiri neno kwa neno, safari hii kwa hofu, akisimama kila mara kutuuliza kama tumefahamu. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto bado, lakini pembeni ya ule weusi pana kitu kama povu, na kioo chake kinaanza kupoteza mng'ao. Mwili huweka hii vitamini akiba katika ini, na jicho huichukua humo ili lione mwanga ukiwa mdogo na libaki na unyevu wake. Mtoto wetu akiba ilikwisha kwa unga na maharage, ndiyo maana jioni alikuwa hawezi kuona. Kisha surua ikaja ikakwangua kilichobaki. Apewe mafuta sasa hivi, na kesho tena, na tena baadaye. Asipopewa, hili nalo litakwenda.

"Jicho limekauka," kijana alisema, akitafuta maneno. "Lile lilikauka likapasuka. Hili limekauka, halijapasuka."

Bibi aliinua kichwa. "Limekauka kama ubao?"

"Kama ubao."

Sijui alifikiria nini. Najua alitazama mikono yake. Kisha akaomba apewe kidonge yeye kwanza. Muuguzi akasita, kisha akakata ncha akampa, na bibi akajiminyia mafuta kwenye ulimi akafumba macho. Hayakunuka kama ya pipa letu, hata mimi niliyesimama karibu sikusikia shombo. Lakini alikaa nayo kinywani, na machozi yakaanza kumtiririka kufuata mikunjo ya mashavu, na mtu asiyemjua angedhani ni uchungu wa dawa. Akameza.

"Basi, mpakeni," alisema.

Alimshika mdogo wangu taya. Muuguzi akaminya. Bibi akamfunga kinywa kwa kiganja na kumpapasa koo kwa vidole viwili, kama anavyonyweshwa mwanambuzi, mpaka akaona yameshuka. Halafu akamwambia kijana, "Twende kwa wengine." Waliwaendea waliokuwa hawajashikwa na surua, na waliokuwa nayo, hema kwa hema nyuma ya vyoo, bibi mbele na muuguzi nyuma na mkasi wake. Kila mlango bibi alisema maneno yale yale: ni sifa, najua, mimi nimeimeza, mpe mtoto. Mlango wa mama wa Kismayo aliupita kimya.

Naandika haya Mombasa, ambako nimefundishwa semina moja mbili za afya na nimebandika nyumbani picha ya papai, mchicha, karoti na ini. Watu wakija huuliza kama nafungua mkahawa. Huwa najibu kwamba nafungua redio, maana ndoto ile sijaiacha. Nikikata papai huwa natazama ile rangi yake, na nawaza ni ajabu gani hii, kwamba jicho la mtoto lililindwa na vitu ambavyo tuliwatupia kuku. Na lile pipa. Tulikuwa tunalala ukuta mmoja nalo. Sisemi watu wanywe sifa ya pipa, ni sumu ile imeoza. Lakini ini la samaki wa kawaida, lililo safi na la kukaangwa, watoto wakilibakisha tulikuwa tunawatupia paka.

Turudi kambini. Jicho la kulia lilinywea, likafungwa kitambaa. Zilipita siku kadhaa za kusubiri ambazo hakuna aliyejua kama la kushoto litabaki. Bibi alimkataza mtu yeyote asimuulize mtoto anaona vidole vingapi. Alisema atasema mwenyewe.

Jioni moja nilimtoa nje nikampakata kama kawaida. Jua lilikuwa limeshuka, hema zimeanza kuwa vivuli, bibi yuko mlangoni anapepeta unga. Nikachukua kopo. Nikaanza kwa furaha kabisa, maana siku hiyo tulipewa vitunguu na vitunguu vilinifurahisha. Hapa ni Koyama, maji yametoka, kaa wanatembea upande upande.

"Uongo," akasema mdogo wangu.

Nikamgeukia.

"Hapana maji. Pale pana mbuzi amefungwa. Na kamba. Na yule mama anakunja shuka, ya mistari." Alikuwa anaonyesha kwa kidole, kimoja baada ya kingine, na kila alichokitaja kilikuwapo, kwenye kiza kile. Bibi aliuacha ungo ukaanguka. Alikuja kwa magoti, akamshika kichwa, akambusu juu ya kile kitambaa, akasema alhamdulillahi mara nyingi mpaka sauti ikakauka. Mimi nililia na kucheka, nikampigia kopo kama ngoma. Majirani wakatoka wakitaka kujua nini, nikawatangazia.

Yeye hakucheka. Alijipenyeza kwenye mikono ya bibi mpaka akatoa uso nje, akageuka na jicho lake moja kuelekea njia ya vyoo, kule nilikokuwa nikimwonyesha kila magharibi. Akatazama. Akainua shingo yake nyembamba akatazama tena.

"Na baba?" akauliza. "Mbona simwoni?"

Kopo lilikuwa mkononi mwangu. Nililishusha.

"Bado anapaka, mwanangu," bibi alisema.

Mdogo wangu alikubali kwa kichwa. Akaendelea kuitazama njia ile, bila kupepesa, mpaka giza likawa la sote.